Punguzeni Siku, Kiwango Msikiguse

Kiwanda kikiyumba, swali huletwa kwa wafanyakazi likiwa limeshapikwa: mnakubali mishahara ipunguzwe, au tupunguze watu? Nimelisikia kwenye viwanda vya minofu ya samaki hapa Mwanza, shemeji yangu amelisikia hotelini anakofanya kazi, na najua wasomaji wangu wa Musoma na Bukoba hamlihitaji kuelezwa. Mara nyingi linaulizwa mwisho wa shifti, watu wamechoka, mikono bado ina ubaridi wa barafu. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kupoteza kazi, jibu huonekana limeshapatikana kabla hata mkono mmoja haujanyooshwa.

Nimekuwa mkata minofu, baadaye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha katibu wa tawi. Msimamo wangu nauweka mbele ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Wafanyakazi wenye chama wakubali kubeba sehemu ya mzigo pale mzigo ulipo kweli, ila waubebe kwa siku za kazi, na kiwango cha mshahara kibaki kilivyo. Na wasinyooshe mkono kabla ya kuona hesabu.

Mwaka 2020 ndio ulionifundisha. Minofu mibichi ya sangara inatakiwa ifike Ulaya ikiwa bado mibichi, kwa hiyo biashara hiyo inategemea ndege. Korona ilipofunga hoteli na migahawa ya huko na safari za ndege zikakatika, boksi za minofu zilikosa pa kwenda. Wakongwe wa kazi walikuwa wameshaona mambo ya namna hiyo, maana mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya kipindupindu, halafu 1999 kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Hata hivyo hakuna anayezoea kuona mstari wa kukatia samaki umesimama saa nne asubuhi.

Uongozi wa kiwanda ulituletea pendekezo la ukurasa mmoja: asilimia 20 ikatwe kwa kila mtu. Tuliuliza kwa muda gani, tukaambiwa mpaka hali itakapotengemaa. Tuliuliza nani atakayesema imetengemaa. Afisa utumishi akajibu kwamba bora nusu shari kuliko shari kamili. Methali ni ya kweli, ila tulitaka kujua hiyo nusu imepimwa kwa kipimo gani.

Jioni tulikaa nje ya geti, pale mama lishe anapouza ugali, na karatasi za mshahara mapajani. Chukua mkata minofu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 260,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 26,000. Chama kinakata asilimia mbili, 5,200. Ana mkopo wa benki aliochukua kuezekea nyumba yake Buhongwa, rejesho ni 110,000 kwa mwezi. Kabla ya kodi anabaki na 118,800. Sasa mkate asilimia 20. Mshahara unakuwa 208,000, NSSF 20,800, chama 4,160, na rejesho la benki ni lilelile 110,000, kwa kuwa mkataba wa mkopo haubadiliki kwa sababu kiwanda kimeyumba. Anabaki na 73,040. Kwenye barua ya uongozi ni asilimia 20. Mkononi mwake ni karibu asilimia 39. Na huyo ana mkopo wenye karatasi. Wenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, hawakutaka hata tuandike.

Kulikuwa na waliosema basi, bora watupunguze, tulipwe chetu tuondoke. Tukahesabu na hicho chetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayepunguzwa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, na hesabu inakomea miaka 10. Ukigawa 260,000 kwa siku 26 za kazi unapata 10,000 kwa siku, mara saba ni 70,000 kwa mwaka. Aliyefanya kazi miaka minne anaondoka na 280,000. Aliyefanya miaka 10 anapata 700,000, na aliyefanya 17 anapata hizohizo 700,000. Ongeza notisi ya siku 28 na likizo ambayo hakuichukua. NSSF wana fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18. Lakini aliyejiuzulu mwenyewe halipati fao hilo, na ndiyo maana kila mara nawaambia wenzangu: ukiletewa barua ya kujiuzulu iliyochapwa na ofisi, usiisaini, hata kama anayekuletea anatabasamu.

Waliokuwa wakitaka chao wakanyamaza. Shilingi 280,000 Mwanza hii, kodi ya chumba, ada, nauli za daladala kutoka Igoma, hazifikishi miezi miwili.

Hapo fundi wa majokofu, mzee aliyekuwepo kiwandani tangu mashine za kwanza kufungwa, akauliza swali lililogeuza kikao kizima. "Dada katibu, nikikubali leo, halafu baada ya miezi minne wakanipunguza, kiinua mgongo changu kitahesabiwa kwa mshahara upi?"

Kwa mpya. Mshahara wa msingi ukishashushwa kwa makubaliano, huo ndio mshahara. 208,000 kwa siku 26 ni 8,000, mara saba ni 56,000, mara miaka 10 ni 560,000. Mzee angekuwa amejikata mshahara ili kiwanda kipone, halafu akatolewa na pungufu ya 140,000 kwa sababu alikubali. Na michango ya NSSF ingekuwa inashuka kila mwezi, ya kwake na ya mwajiri, bila mtu kuisikia mpaka siku ya kufuatilia mafao. Sijawahi kuona barua ya mwajiri inayokutajia mambo haya. Lazima yatajwe na chama, na kiongozi wa tawi asiyeyajua ayatafute kabla hajaitisha mkutano.

Kuna jambo gumu kuliko hesabu zote, na kwenye mikutano yetu huwa tunalikwepa. Kupunguza watu hakuwagusi wote kwa namna moja. Kigezo kilichozoeleka ni aliyeingia mwisho atoke kwanza, huku mwajiri akibakiza ujuzi anaouhitaji. Maana yake ni kwamba siku ya kura, wengi waliosimama pale uwanjani walikuwa salama. Fundi wa majokofu alikuwa salama, wakataji wa miaka mingi walikuwa salama, nami nilikuwa salama. Tulikuwa tunaombwa tuchague kati ya kujikata wenyewe na kuwakata wadogo zetu. Na walio wengi wakifuata maslahi yao tu, watasema mshahara usiguswe, na kura itakuwa halali kabisa.

Binti mmoja wa chumba cha kupaki, aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, hakusema neno mkutano mzima. Alinifuata tulipotawanyika. "Dada, najua mkikataa anayeondoka ni mimi. Naona aibu kuomba watu wazima wakatwe mishahara kwa ajili yangu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kwa sababu alikuwa anaona aibu kwa jambo ambalo chama kiliundwa ili kulifanya. Ada ya chama inakatwa kwa mgeni na kwa mkongwe sawasawa. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi, unaosainiwa na chama kilichotambuliwa unambana hata yule asiye mwanachama. Huwezi kuchukua ada ya mtu, ukamfunga kwa saini yako, halafu siku ya shida ukamwambia wewe uliingia mwisho. Kwa hiyo nawapinga wenzangu kwenye vyama wanaosema kamwe, mshahara hata shilingi moja isiguswe, waende wanaokwenda. Wanaosema hivyo huwa hawamo kwenye orodha ya wanaokwenda.

Lakini kukubali kubebana hakumaanishi kukubali karatasi ya ukurasa mmoja. Kifungu cha 38 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane na chama kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo, muda na malipo. Tuliomba kilo za samaki zilizonunuliwa kila mwezi, mauzo, oda zilizofutwa, na gharama za ofisi ya juu. Kwanza tulinyimwa. Tulipoandika barua ya kutaja kifungu, tukapewa nusu. Tulipotaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, zilizobaki zikapatikana. Nataja hatua hizi kwa sababu matawi mengi huishia barua ya kwanza. Na mwajiri akikata mshahara bila makubaliano, dai hilo lina siku 60 za kufikishwa kwenye Tume. La kuachishwa kazi isivyo halali lina siku 30 tu. Nimeona watu wenye haki kabisa wakirudishwa kwa sababu walingoja mpaka hasira zipoe.

Vitabu vilionyesha kwamba shida ilikuwepo. Pia vilionyesha kwamba ilikuwa shida ya soko, na soko lingeweza kurudi. Tofauti hii ina uzito mkubwa hapa ziwani. Samaki wakipungua majini, sangara wakubwa wakawa adimu, kiwanda kikanunua nusu ya kile ambacho mashine zake zinaweza kuchakata, hakuna kiasi cha mshahara wetu kitakachozaa sangara. Hapo kukatwa mshahara ni kuahirisha kuachishwa, na unaachishwa ukiwa maskini zaidi. Nikiona vitabu vya namna hiyo nitawaambia wenzangu tukae mezani kudai malipo ya kuondokea yanayozidi kiwango cha sheria, maana zile siku saba ni kiwango cha chini na hakuna kinachozuia makubaliano ya siku 20 au mwezi mzima. Wazee wa Nyakato waliofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo bado wanasimulia walivyongoja hali itengemae.

Sasa nije kwenye siku na kiwango. Tulirudi mezani na pendekezo letu: badala ya kukata asilimia 20 ya mshahara, tufanye kazi siku tano kwa wiki badala ya sita. Mtu anapoteza sehemu moja kati ya sita, karibu asilimia 17. Anayetazama kwa haraka ataona ni kilekile kwa kupungua kidogo. Lakini kiwango cha siku kimebaki 10,000. Kiinua mgongo kikija, kinahesabiwa kwa kiwango hicho, na hilo tuliliandika kwa maneno yasiyo na shaka. Kazi ikirudi, siku ya sita inarudi na mshahara wake, bila wewe kwenda kupiga magoti kuomba ulichokuwa nacho. Na siku uliyokatwa ni yako. Wapo waliokwenda Mwaloni Kirumba alfajiri kununua dagaa wa kuuza mtaani, wapo waliokwenda mashambani Misungwi. Aliyekatwa kiwango anafanya kazi ileile kwa saa zilezile na anarudi nyumbani na pungufu.

Wazo hilo halikuzaliwa Mwanza. Mwishoni mwa 1993 Volkswagen huko Ujerumani walikuwa na wafanyakazi wapatao 30,000 waliozidi. Kampuni na chama cha wafanyakazi wa vyuma walikubaliana wiki ya siku nne, saa 28.8, mapato ya mwaka yakashuka, na kampuni ikaahidi kutoachisha watu kwa sababu za kibiashara katika kipindi cha makubaliano. Wajerumani wana mfuko wa serikali unaofidia saa zilizopunguzwa, sisi hatuna, kwa hiyo sitaki kufananisha kila kitu. Nachukua umbo la makubaliano: walipunguza muda, na mwajiri naye akajifunga.

Kinyume chake kipo Marekani. Mwaka 2007 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubali kampuni za Detroit ziajiri wapya kwa mshahara wa karibu nusu ya ule wa wakongwe. Mwaka 2009, kampuni zikiwa taabani, kikasimamisha nyongeza iliyokuwa inafuata kupanda kwa gharama za maisha. Kampuni zilipona na zikapata faida mwaka baada ya mwaka. Nyongeza hiyo ilirudi 2023, baada ya mgomo. Miaka 14. Kuna waliostaafu wakiingoja. Kila ninapoambiwa mpaka hali itakapotengemaa, huwa nakumbuka miaka hiyo 14, na ndiyo maana tarehe ya kurudi lazima iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka.

Mwajiri naye ana sababu ya kutusikiliza. Truman Bewley, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwahoji zaidi ya watu 300, wengi wao mameneja, pamoja na viongozi wa vyama na washauri wa ajira, kaskazini mashariki mwa Marekani wakati wa mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alitaka kujua kwa nini kampuni huachisha watu kuliko kukata mishahara. Jibu alilokutana nalo tena na tena ni moyo wa kazi: aliyeachishwa huondoka na uchungu wake, aliyekatwa mshahara hubaki nao ndani.

Kwenye mstari wa minofu jambo hili linaonekana kwa macho. Mkataji mzuri hulaza kisu juu ya mfupa, akakivuta kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani bila kukiinua, na panki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, linabaki jeupe, mbavu zinahesabika. Mkataji aliyevunjika moyo hagomi na haharibu kitu. Anainua kisu kidogo tu. Utepe wa nyama unabaki ubavuni, unakwenda na panki kwa akina mama wanaokaanga mapanki, na kiwanda kimeuza kwa bei ya panki nyama iliyonunuliwa kwa bei ya sangara. Zidisha kwa kila samaki, kwa kila kisu, kwa shifti nzima. Msimamizi wa uzalishaji, ambaye yeye mwenyewe alianza kama mkataji, ndiye aliyewaeleza mabosi wake hesabu hiyo, na naamini ilisaidia kuliko barua zetu.

Tuliyosaini yalikuwa siku tano kwa miezi sita, tarehe ya mwisho imeandikwa. Kiinua mgongo na notisi kwa kiwango cha zamani. Hakuna kuajiri mpya wala kuita vibarua wa ziada wakati siku zetu zimekatwa. Taarifa ya manunuzi na mauzo kwa tawi kila mwezi. Mameneja walikatwa asilimia kubwa kuliko sisi. Hilo la mwisho lilipingwa sana, na mimi nisingesaini bila hilo. Mtu anayekuomba uchangie huku bahasha yake haijaguswa anakuomba umchangie yeye.

Wenye mikopo waliumia hata hivyo. Benki Kuu mwezi Mei mwaka ule ililegeza masharti kwa benki zinazopanga upya mikopo ya walioathirika, tukaandika barua za pamoja, na wengine walisogezewa marejesho. Wengine hawakusikilizwa. Muda ulipoisha uongozi uliomba kuongezewa, tukafungua vitabu tena, tukaongeza kidogo, kisha siku ya sita ikarudi. Yule binti wa kupaki bado yupo, sasa anawafundisha wapya kupanga minofu.

Waliolipia kwa namna ambayo haikuandikwa popote ni vibarua. Wanasimama getini kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wanaitwa kwa kunyooshewa kidole, na siku ambayo samaki hawakuja wanarudi Igogo au Mabatini kwa miguu. Hawakupiga kura, kwa kuwa hawakuwa wanachama. Kifungu cha kutoita vibarua wa ziada kililinda siku zetu, na nakitetea, lakini siku hizo zilitoka kwao. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali mshahara upungue au kazi iishe; waliacha tu kuitwa.

Mazungumzo ya mkataba ujao wa hali bora yakifunguliwa, nitaweka mezani kwamba kibarua aliyeitwa mfululizo kwa miezi mitatu apewe mkataba wa maandishi, aingizwe NSSF na apokelewe chamani, na siku za kazi zikipunguzwa, za kwake zipunguzwe kwa kipimo kilekile na za kwetu. Baadhi ya wenzangu wenye ajira za kudumu wameshaniambia kwamba nitawagawia watu wengine mkate wao, na kwamba katika uchaguzi wa tawi watakumbuka. Nimewaomba waje na karatasi za mshahara, tukae tena pale kwa mama lishe, tufanye hesabu hiyo pamoja na vibarua wakiwepo.